Maksai Aliyepoteza Hereni

Kuna watu kompyuta ikigoma wanaigombeza. Mimi ni mmoja wao. Fundi aliyeletwa kwetu kutoka Shinyanga mjini hakuwa hivyo, na ndiyo maana mpaka leo namsifu hata kwa watu wasioniuliza.

Wakati huo nilitunza kumbukumbu za mifugo kwenye mnada wa ng'ombe, nje kidogo ya Kahama. Kila ng'ombe alivishwa hereni yenye namba, na namba hiyo ikaingizwa kwenye kanzidata pamoja na jina la mwenye mali. Ila wafugaji wetu walikataa kuamini namba tupu. Msukuma anamjua ng'ombe wake kwa rangi, mabaka na pembe. Namba ataifanyia nini? Ikabidi kila mnyama apigwe picha, kushoto, kulia na usoni, na picha zote zikarundikwa humohumo. Nakala ya akiba ikanenepa hadi kuitoa ikawa kazi ya kutwa nzima. Nilizichukia picha zile.

Siku moja ya mnada, diski ya seva ikafa asubuhi. Fundi akaweka nyingine, tukaanza kurejesha data kutoka kwenye nakala, nayo ikaenda mwendo wa kinyonga.

Zizini alikuwa amefungwa maksai mwekundu, sikio limechanika, hereni haipo. Mama mmoja mjane kutoka upande wa Runzewe alisema maksai huyo alitoweka kwake, na sasa amemkuta mkononi mwa mtu mwingine. Mtu huyo alisema amemnunua kihalali, na mashahidi alikuwa nao. Mama hakuwa na shahidi. Nyumbani alibakiwa na maksai mmoja, mvua zimeshaanza, na maksai mmoja havuti plau. Viongozi wa mnada wakaamua: kumbukumbu zetu zisipopatikana kabla mnada haujafungwa, mwanaume aondoke na mnyama.

Mimi nilitaka tuzime tuanze upya. Fundi, dada mpole asiyependa kelele, akaniomba nikae. Kwanza alinakili faili moja kubwa kwenye diski mpya. Likapita upesi. Kisha akatazama ni kitu gani hasa kilichokuwa kikirejeshwa muda wote ule.

"Diski haina kosa," akasema. "Tunahamisha nyumba nzima, na tunachotafuta ni kiti kimoja."

Akaisimamisha kazi yote. Roho ilinitoka, maana tulikuwa tumesubiri tangu asubuhi. Akaanza na majina na namba peke yake, na chai yangu haijapoa yakawa yamekamilika. Mama alikuwemo: maksai wawili. Yule mwanaume akacheka, akasema maksai wawili wapo popote, huyu asiye na hereni mtamjuaje?

Alisema kweli, na iliniuma. Majina hayakutosha, zilihitajika picha. Kumbe zilihifadhiwa kwa mafungu ya kata, na fundi alikuwa ameshaliona hilo. Akalirejesha fungu la kata ya mama tu, mengine akayaacha yasubiri. Safari hii sikuigombeza kompyuta. Nilikuwa namwangalia mtu anayejua kazi, na nilifurahi kuwa karibu naye.

Picha ikafunguka. Maksai mwekundu, baka jeupe kutoka begani hadi tumboni, pembe ya kushoto imeinama. Ndiye yule wa zizini. Mwanaume akaitazama mara moja tu, akaanza kueleza jinsi aliyemuuzia alivyomdanganya. Hakuna aliyemsikiliza.

Fundi akamgeuzia mama kioo. "Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "ni huyu?"

Mama hakumwangalia ng'ombe. Pembeni mwa picha alisimama mwanaume mrefu mwenye koti la kijivu, ameshika kamba, anacheka na mpiga picha.

"Ni maksai wetu," akasema. "Na huyo ni baba watoto. Tulimzika na koti hilo."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, kila mmoja na shida yake. Fundi hakuifunga ile picha mpaka mama alipomaliza kuitazama.