Matofali Mia Nne ya Mkandarasi

Kabla ya kuingia nyumba yoyote, iwe ya harusi au ya msiba, Shangazi aligonga ukuta mara mbili kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa na kusikiliza. Akiridhika, alibisha hodi. Asiporidhika alibisha vilevile, lakini alikaa karibu na mlango. Wengine walicheka, wengine waliona ni dharau, naye hakuacha. Hata siku alipopelekwa hospitali kupimwa macho, aliugonga ukuta wa daktari, akanong'ona kwamba huyu naye kaibiwa saruji.

Alikuwa mfyatua matofali. Mafundi walimwita Kokwa, kwa kuwa, walisema, tunda lilikwisha kuliwa zamani, likabaki lile lisilovunjika.

Aliyelila tunda alikuwa mkandarasi mmoja. Miaka kumi na minane nyuma mtu huyo alijenga safu ya vyumba ukingoni mwa mto. Shangazi alimfyatulia matofali ya ghala lake, mazuri; ya vyumba yalifyatuliwa kwingine, kwa udongo mtupu ulionusishwa saruji. Mvua ya kwanza ukuta ulianguka, ukamuua mama mmoja aliyekuwa ameketi ndani akishona. Alipoitwa ofisini kuhojiwa, mkandarasi alisema matofali yote yalitoka kwa Kokwa. Shangazi alibeba mawili kutoka uani kwake, akayaweka juu ya meza ya wakubwa ili wayapime. Mkandarasi aliinua moja, akaligeuzageuza, akasema, "Na haya pia ni mabovu." Alikuwa amevaa tai. Hakuna aliyeyapima.

Tangu hapo hakuna kiwanja kilichompokea. Kwa miaka yote hiyo kumi na minane alifua nguo za watu, na binti wa marehemu alivuka barabara kila alipomwona. Mpwa wake, ambaye Shangazi alimlea na wakati ule alisomea usanifu wa majengo chuoni, alizoea kumwona akisuuza nguo huku midomo ikitembea. Alidhani anasali. Siku moja alisogea karibu, akasikia: na haya pia ni mabovu, na haya pia ni mabovu, taratibu, kama mtu anayenoa kisu.

Mpwa alipopewa kazi ya kusanifu nyumba mpya za wakazi wa bondeni, kando ya mto uleule, hakutaka kushindana na maji. Aliziinua nyumba juu ya nguzo ili mto ukifurika upite chini na kwenda zake. Wakati wa kiangazi pale chini pangekuwa pa kufulia, pa kushonea, pa kukaa na kusengenyana. Ukingoni alipanda mianzi ili udongo usibebwe. Milango ya nyumba kumi na mbili aliielekeza kwenye ujia mmoja wa juu, kusudi mtu asitoke asubuhi bila kuulizwa ameamkaje. Na ili nyumba zisiwe za matajiri, kila kaya ingefyatua yenyewe matofali mia nne ya udongo na saruji kidogo, kwa mashine ya mkono. Kaya ambayo haingekamilisha kabla ya mvua, nafasi yake ingekwenda kwa nyingine. Shangazi alimweka kuwa msimamizi wa matofali, na wapo walioguna kwamba Kokwa anajua tofali bovu kwa sababu aliwahi kuua nalo.

Jina la saba kwenye orodha ya kaya lilikuwa la mkandarasi. Kampuni yake ilikufa, mkewe alitangulia mbele ya haki, watoto walitawanyika. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja bondeni kama wenzake. Mpwa alitaka kumhamishia mradi mwingine, akaenda kumwambia Shangazi. Shangazi alikuwa anakula. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Muache aje," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mkandarasi alikuja na ndala na shati lililopauka kola.

"Karibu, bosi. Tai umeiacha nyumbani?"

Watu walicheka. Naye alijaribu kucheka. "Ndiyo dunia, dada yangu."

"Dada yako nani? Shika koleo ukoroge."

Matofali yalikaa kivulini wiki nne yakinyunyiziwa maji, kisha Shangazi alipita akiyagonga moja moja. Hakukuwa na kipimo kingine. Watu wa bondeni waliliamini sikio lile kuliko mashine yoyote, na mpwa, pamoja na vitabu vyake vyote, aliliamini pia. Alipofika safu ya mkandarasi aligonga la kwanza, akatangaza: Limekufa. La pili. Limekufa. Katika mia ya kwanza alipitisha tisa. Mengine yaliwekwa pembeni ya ghala, yangoje kupondwa.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Mkandarasi alikoroga upya, akafyatua upya, vidole vikapasuka, kikohozi kikamkaba. Mwanzoni majirani walifurahia sinema ya bure. Baadaye walianza kutazama pembeni. Binti wa marehemu, ambaye safu yake ilipakana na ya mzee yule, alisema kwa upole kwamba mtu mwenyewe atakufa kabla tofali lake halijapona.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unavuka barabara ukiniona?" Shangazi alimjibu. "Vuka tena."

Zilipobaki wiki mbili, mpwa alichukua matofali matatu kutoka rundo lililokataliwa. Hakujua hasa anatafuta nini. Aliyaloweka ndani ya pipa kutwa nzima, kisha akayaangusha juu ya jiwe, kutoka usawa wa kifua. Hakuna lililopata hata ufa. Alimfuata Shangazi ghalani.

"Shangazi, yale ni mazima."

"Najua." Alikuwa anapangusa mashine kwa kitambaa chenye mafuta. "Nimejua tangu la kwanza. Anafyatua vizuri yule. Angefyatua hivi zamani, yule mama angekuwa hai."

"Sasa?"

"Sasa nataka ajue inavyokuwa, kushika tofali zima mkononi ukaambiwa bovu."

"Na nyumba akiikosa?"

"Mimi nilikosa miaka, mwanangu."

Mpwa alikwenda kukaa juu ya rundo la mchanga. Akiyahesabu matofali yale, atakuwa mtu wa pili kumkanusha Kokwa mbele ya watu. Asipoyahesabu, nyumba zake zitasimama juu ya uongo uleule uliomwangusha aliyemlea. Alitamani mtu mwingine awe amesomea kazi hii.

Siku ya mwisho, mbele ya kaya zote, alilitoa rundo la mkandarasi na kulihesabu kwa sauti mpaka likapita mia nne. Akasema ni mazima, ameyapima. 

"Mwenye kalamu ndiye mwenye masikio," Shangazi alisema, akavua aproni.

Mkandarasi alimfuata hadi bombani. Alisema chinichini, wengine wasisikie isipokuwa mpwa aliyekuwa karibu, "Na yako yalikuwa mazima."

"Sema kwa sauti."

Mzee aligeuka, akawatazama watu atakaoishi nao mlango kwa mlango. Akafumba mdomo.

"Basi nenda kajenge," Shangazi alisema.

Nyumba zilisimama, mojawapo ya Shangazi. Mto ulifurika mara mbili, ukapita chini ya sakafu kama mgeni mwenye haraka. Kila asubuhi, kwa miaka miwili, mkandarasi alimsalimia Shangazi pale ujiani. Shangazi alisimama, akaisikiliza salamu yote mpaka mwisho, kisha akaenda zake bila kujibu. Majirani waliacha kushangaa.

Halafu kifua kikamlaza Shangazi. Mpwa alihamia kwake kumuuguza. Alasiri moja sauti zilipanda kutoka kule chini pa kufulia, zikakatika ghafla. Mpwa alishuka, akakaa huko kitambo, akarudi kusimama kando ya kitanda. Mkandarasi amesema, alimwambia. Saruji, ofisi, matofali mawili mezani. Yote, kwa sauti. Shangazi aliuliza ni nani walikuwepo. Wote. Na binti wa yule mama? Alikuwepo, amekaa chini, analia.

Shangazi aliitazama dari.

Hodi ikapigwa, dhaifu, ya mtu aliyejishikiza ukutani.

"Ni yeye," mpwa alisema. "Anaomba aingie akutake radhi."

Macho ya Shangazi yalikuwa wazi kabisa.

"Mwambie nimelala."