Mafaili Yangu Hayakupanda Treni

Kwa miaka miwili, kila mwisho wa mwezi nilipanda treni kutoka Mwanza kwenda Dar nikiwa na disketi za vipimo vya samaki wa kampuni yetu. Siku mbili kwenye behewa, miguu imevimba. Na mimi ni mtu wa nyumbani hasa. Hata kivuko cha Busisi, hapo jirani tu, nimevuka mara moja, tena kwa msiba.

Basi fundi wa makao makuu alipokuja ofisini kwetu Mkuyuni kutuwekea programu ya kutuma mafaili kwa laini ya simu, yamefungwa mtu asiweze kuyasoma njiani, nilimwona mkombozi. Hakukuwa na picha za kubonyeza. Unaandika amri mwenyewe: nakili, jina la faili, jina la kompyuta ya Dar, enta. Aliniandikia amri kwenye karatasi moja, neno la siri kwenye nyingine.

"Itakuuliza hili kila mara," alisema.

Haikuniuliza hata siku moja. Nikadhani imenizoea. Na kasi yake! Kabla sijainua kidole, imemaliza. Miezi mitatu nililala kwangu Kisesa kama mfalme. Karatasi ya siri niliisahau mfukoni, ikafuliwa na shati.

Mwezi wa nne fundi akapiga simu.

"Shikamoo mzee. Vipimo viko wapi? Mnunuzi anatishia kuacha samaki wetu."

"Marahaba. Nimetuma vyote."

"Baada ya jina la kompyuta, zile nukta mbili uliweka?"

Nukta zile nilidhani ni wino wa kalamu yake umevuja. Kumbe bila hizo, kompyuta inafikiri jina la Dar ni jina la faili jipya tu, inanakili humohumo ndani yake. Mafaili yangu yote matatu yalikuwa hapo mezani, hata stesheni hayajafika.

Dada mpiga chapa wa ofisini kwetu alicheka mpaka akaegemea mashine. "Umeyalea vizuri, kaka. Yamekufuata tabia."

Nikaandika upya, nukta zikiwepo. Kwa mara ya kwanza ikauliza neno la siri.

"Nitajie," nikamwambia fundi.

"Neno la siri kwenye simu? Hapana, mzee wangu. Njoo nikupe mkononi. Na disketi uje nazo, mnunuzi hangoji."

"Nije kwa usafiri gani?"

"Si treni ipo?"

Nilipoweka simu chini, dada alikuwa ameshachomeka fomu ya safari kwenye mashine.

"Nikuombee kiti cha dirishani?"

Nikamwambia popote tu, miguu itavimba vilevile.