Mbegu ya Pundamilia

Harufu ya samadi iliyomwagiwa maji hunirudisha Kurui, kwenye bustani ya mama. Wakati huo nilikuwa darasa la kwanza, na bustani kwangu ilikuwa kitu kimoja tu: matuta ya mchicha na bamia. Basi baba mdogo alipokuja kutoka Kibaha kunichukua, akasema tunakwenda bustani ya wanyama, nilielewa vizuri kabisa. Wanyama walipandwa.

Mdogo wangu Shabani alikuwa na homa, akabaki analia. Nikamwahidi mbegu ya pundamilia.

Huko sikuona tuta hata moja. Niliona vizimba, na cha fisi kilinuka mpaka baba mdogo akaziba pua kwa kofia yake. Miaka mingi baadaye mwalimu wa Kiswahili alitueleza kwamba neno bustani lilitoka kwa Waajemi, na kwao ni mahali penye harufu nzuri. Nilimkumbuka yule fisi, nikaangua kicheko darasani.

Nilimfuata mama mmoja aliyekuwa akilisha wanyama.

"Shikamoo. Naomba mbegu ya pundamilia."

"Marahaba, mwanangu. Ya nini?"

"Ya mdogo wangu. Anaumwa."

Baba mdogo alicheka hadi akachuchumaa. Yule mama hakucheka. Aliokota mwiba wa nungunungu, mweusi kwa mweupe, akanipa.

"Za pundamilia zimeisha. Hii nayo ina mistari."

Niliporudi, mimi na Shabani tuliupanda katikati ya mchicha wa mama. Homa ilishamtoka Shabani lakini alikuwa mnyonge, hali chakula wala hachezi. Alikaa tu kando ya tuta, akingoja.

Asubuhi moja tukasikia mlio bustanini. Kwenye mchicha alisimama mtoto wa mbuzi, mweusi mwenye mabaka meupe, bado hajakauka, miguu ikimtetemeka.

"Ameota!" Shabani alipiga kelele. "Dada, ameota!"

"Msimwagilie tena," baba alisema, ameegemea jembe. "Atapita paa la nyumba."

Kwamba mbuzi wetu alizaa alfajiri ile, na baba ndiye aliyembeba mtoto kutoka bandani, niligundua mapema. Niliyechelewa kumwelewa ni mama. Yeye, aliyekuwa akifukuza kuku wa jirani kwa ajili ya jani moja, alisimama mlangoni huku tuta lake zima likikanyagwa. Hakuwa akimtazama mbuzi. Alimtazama Shabani akirukaruka. Ilibidi nami niuguze mwanangu ndipo nikaelewa alichokuwa akikiona.