Bomba Kwanza, Halafu Kwenda

Risasi zililia tangu asubuhi upande wa kambi ya jeshi, na mama yangu alikuwa ameng'ang'ania mfereji wa maji. Bomba, kama alivyouita yeye. Ulikuwa uani kwetu, mtaani Hai Jalaba, chini ya tangi tulilonunua tuliporudi nyumbani baada ya uhuru, na ulivuja tone kwa tone. Malori ya maji yalikuwa yameacha kuja. Jirani yetu Mganda, mwenye duka, alikuwa ametuwekea nafasi kwenye pikapu yake ya kwenda Nimule, mpakani na Uganda.

"Mimi iko naenda sasa hivi!" alipiga kelele na honi pamoja. "Siwezi ngojea mutu!"

"Mama, twende, tafadhali."

"Bomba kwanza," akajibu. "Bomba ikipona, halafu kwenda."

Ndicho Kiswahili cha mama, cha kambi za wakimbizi za Uganda: kitenzi hutembea peke yake, na nani anakwenda utajijazia mwenyewe. Mimi niliyesomea Nairobi nilijijazia upesi: halafu tutakwenda. Hasira zilinipanda. Nani anakimbia vita huku akitengeneza mfereji? Lakini mama akishasema, amesema.

Nikafunga koki ya tangi, nikaufungua mfereji kwa spana. Kila mlio ulinigeuza kutazama lango. Mpira wa ndani ulikuwa umelika kabisa. Mama akaleta tyubu kuukuu ya baiskeli na kisu. Nikakata kiduara, nikakipachika kwa pupa, na nilipofungua koki maji yakanirukia usoni. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwa na subira siku ile? Nikatukana. Nikakata kingine, nikakaza.

Mama akaweka kiganja chini ya mfereji, akangoja. Kikabaki kikavu.

"Khalas," akasema. "Maji hii itanitosha. Sasa wewe kwenda."

Nilimsihi, nikamvuta mkono, nikalia kama mtoto. Akasema amekimbia akiwa msichana, akakimbia tena akiwa na mimba yangu, na safari hii miguu yake imekataa. Aliniambia kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi.

Honi ikalia tena. Akanijazia chupa ya maji ya njiani, akaufunga mfereji kwa mikono miwili. Nikautazama, nikiomba udondoshe japo tone moja. Haukudondosha.