Gari Walilolibandika Jina la Mbuni

Asubuhi yao ya mwisho pamoja, mke wa mzee, mshona nguo, alipanda gari refu la mumewe kama siku zote: mkono mmoja mlangoni, mwingine gotini.

"Ngazi yake iko wapi, mzee?" akacheka.

"Nitalishusha, mama watoto. Hayo magoti yako yananiuma mimi."

Uongo mtupu. Kazini wenzake waliliita gari hilo Mbuni kwa urefu wa miguu, naye alitaka kuwaziba midomo tu.

Juma lile lile mkewe akaugua ghafla, akafariki.

Baada ya mazishi fundi wa magari akamwita mzee. "Baba, springi fupi za kulishusha gari nimezipata. Nifunge? Mbuni akae chini kama kuku anayeatamia."

Mzee alizitazama zile springi. Bado alizitaka, na hilo ndilo lililomtia haya zaidi.

"Acha," akasema, macho chini.

Msibani shoga wa mkewe alikuwa amemsimulia jinsi marehemu alivyojisifu mbele ya wateja, cherehani ikiwa imesimama: "Waume zenu wanawapigia honi mfanye haraka; wangu analishusha gari zima linifuate chini."