Jina Nililoitwa Chang'ombe

Kazi yangu ni kufunga lifti. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda nikibonyeza vitufe na kupanda ghorofani bure. Ukweli ni kwamba fundi lifti anashinda shimoni, ndani ya mnara wa zege usio na dirisha, akipima kwa timazi kama reli zimesimama sawasawa. Kampuni ilipotafuta mtu wa kwenda Dodoma kwa miezi kadhaa, kwenye jengo la ofisi lililokuwa likimaliziwa huko Mtumba, wenzangu walikwepa kwa kisingizio cha vumbi na upepo. Mimi nilikubali kabla bosi hajamaliza kueleza. Nilikuwa naondoka nyumbani, na mambo mengine hayakunihusu.

Nyumbani Dar es Salaam nilimwacha mke wangu. Mwanzoni mwa mwaka tulikuwa tumempata mtoto wa kiume, wa kwanza, naye hakumaliza wiki. Wazee wakaamua kwamba kichanga hakiwekewi matanga. Akazikwa na wanaume wachache, mama yake akiwa bado kitandani hospitali. Turubai halikufungwa, na wageni waliokuwa njiani walipigiwa simu wasijisumbue. Mke wangu akaambiwa asilie sana, yeye bado kijana, atapata mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akanyamaza kweli, na mimi nikanyamaza, tukawa tunapishana sebuleni kama wapangaji wasiofahamiana. Nilikula, nilioga, nilicheka palipotakiwa kuchekwa. Sikuhisi kitu, na hilo nalo halikunisumbua.

Dodoma nilipanga chumba Chang'ombe, kwenye nyumba yenye uwa mmoja na milango mingi. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kigogo, mjane, mtu mzima ambaye hata akikuombea heri unaona kama umeamriwa. Jioni niliyofika alinikaribisha chai. Maji ya pale wakati huo yalikuwa na chumvi kwa mbali, na mgeni alijulikana kwa namna alivyokunja uso baada ya funda la kwanza. Nikakunja. Akacheka, akaniongezea sukari, kisha akauliza:

"Sasa wewe tukuite baba nani?"

Ni swali la kawaida. Mtu mwenye mtoto haitwi ovyo kwa jina lake mbele za watu. Ningeweza kusema bado sijajaliwa, nikaombewa dua, yakaisha. Badala yake nikataja jina la mwanangu. Tulikuwa tumemchagulia akiwa bado tumboni, na tangu azikwe hakuna aliyelitamka nyumbani kwetu, hata mimi. Nililitaja kama mtu anayetaja namba ya kiwanja. Sitaliandika hapa, nitaandika Fulani. Wala sikudhani nimedanganya. Aliuliza mimi ni baba nani, na mimi nilikuwa baba yake.

Basi nikawa Baba Fulani. Asubuhi nikitoka kusubiri gari la kazini, mpangaji wa chumba cha pili, mzee wa Kondoa aliyeuza asali na mafuta ya alizeti sokoni, alikuwa ameshaketi kizingitini na kofia yake. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha: "Baba Fulani, kijana anaendeleaje?" Nasema anaendelea vizuri, mzee. Mama mwenye nyumba alitaka kujua kama ameanza kukaa, na kama anafanana na upande wetu au wa mama yake. Siku nyingine alinipa kifuko cha mlenda mkavu alioutwanga mwenyewe. "Mpelekee Mama Fulani. Mwanamke anayenyonyesha hali chipsi."

Nilikiweka juu ya kabati. Ningetegemea kwamba kitu kama hicho kingeniuma, lakini nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaenda kufua ovaroli.

Ndivyo nilivyouzoea mji. Kipupwe kiliingia, upepo ukawa unavuma mchana kutwa na kutia mchanga hadi ndani ya mswaki. Nilijifunza kuitikia mbukwa, salamu ya Wagogo, na kula ugali wa mtama bila kuuliza maswali. Chai yenye chumvi nikawa naiona ndiyo chai. Shimoni Mtumba kazi ilikwenda vizuri, reli zikapanda ghorofa kwa ghorofa. Wenzangu wachache walioletwa baadaye kunisaidia walisema sijawahi kuwa makini namna ile. Mtu asiye na mahali pengine pa kuweka mawazo huwa makini sana.

Na mke wangu tulipigiana simu kila Jumapili. Umeme upo? Upo. Maji? Yanatoka. Haya, usiku mwema. Kisha Jumapili moja akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia maji:

"Kaka zangu wanataka nirudi nyumbani Moshi. Wanasema naishi kama mjane na mume ninaye. Nimewaambia nitawajibu nikishakuona. Nakuja huko. Kama na huko hatuna la kusemezana, basi, nitajua."

Nilisema sawa. Nikakata simu, nikakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisikia kitu ndani yangu. Kilikuwa woga. Sikutaka aende Moshi. Na papo hapo nikakumbuka kwamba uwa mzima unasubiri kumwita Mama Fulani na kumuuliza mtoto yuko wapi. Ataniona mtu niliyefanya kaburi la mwanawe kitu cha kupigia soga na majirani.

Nikamwendea mama mwenye nyumba, aliyekuwa akipepeta.

"Mama, mke wangu anakuja. Naomba akiwepo, mniite fundi tu."

"Fundi?" Ungo haukusimama. "Fundi ni wa kila mtu. Uitwe kwa kazi yako, kwani mtoto amekufa?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe, kilichobaki ni kupita.

"Hapana, mama," nikasema.

Sasa huo ulikuwa uongo kamili.

Alikuja na treni ya umeme, kabegi kamoja, amekonda. Njiani nilijaribu kumweleza, maneno yakaishia kwenye hali ya hewa. Tulipofika, mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni, amejifunga kanga yake nzuri.

"Karibu, Mama Fulani. Karibu sana. Tumekusubiri."

Mke wangu alisimama. Nilikuwa nyuma yake na lile begi, sikuuona uso wake, niliona mabega tu.

"Abee," akaitikia, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha mbali. Kisha, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na mwenyewe yuko wapi? Mbona umekuja peke yako?"

"Hayupo, mama. Tulimzika mwanzoni mwa mwaka."

Mama mwenye nyumba alinitazama mimi. Ningeweza kuusimulia mtazamo huo, ila sitaki. Alimshika mke wangu mkono, akamwingiza uani, akatandika mkeka, akaketi naye. Akawaita wanawake wa vyumba vingine, mmoja mmoja wakaja na kanga zao mabegani, wakampa mkono.

"Hatukujua, Mama Fulani. Tungejua tungekuja mapema."

Halafu mama mwenye nyumba akamuuliza kitu ambacho hakuna aliyemuuliza kule kwetu, hata mimi. "Alikuwa anafanana na nani?"

"Na baba yake," mke wangu akasema. "Masikio. Na alikuwa anakunja uso kabla ya kupiga chafya." Akaendelea. Alikuwa na mengi, mwanamke yule niliyemdhania ameishiwa maneno. Alisema jinsi alivyokuwa akinyonya huku ameshika kidole chake, akasema nguo aliyovishwa ya mwisho hakuichagua yeye. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha msibani kabisa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nilibaki nimesimama mlangoni na begi. Mzee wa Kondoa alikuwa anarudi kutoka kuswali alasiri. Aliusikia uwa, akauliza kwa macho, nikamjibu kwa kichwa. Akatoa viti viwili nje, kimoja changu, maana wanaume msibani hukaa nje. Tukakaa. Baada ya muda akanipa mkono.

"Pole sana, Baba Fulani."

Jibu la pole kila mtu analijua. Husemi kwamba imeisha kweli, unasema tu nimeshapoa, watu wahame kwenye mazungumzo mengine. Nami nililisema mara nyingi Dar es Salaam, kazini na barabarani, bila kujikwaa hata mara moja. Nilifungua kinywa nilitoe tena. Ndani mke wangu alikuwa akilitamka jina la mwanetu, taratibu, analirudia.

"Bado, mzee," nikasema. "Bado sijapoa."