Koti la Desemba

Enzi zetu pale Kilindoni, kisiwani Mafia, wenzangu wa rika langu mtanishuhudia, mitindo haikutoka kwenye simu. Ilitoka ukutani kwa Fundi Mshamu, mshonaji wa mtaani kwetu. Shemeji yake alikuwa baharia, akamletea kalenda kubwa ya karatasi inayoteleza, imeandikwa Kichina toka juu mpaka chini, na kila mwezi una picha ya vijana wa Shanghai wakikatiza mitaa ya jiji lao. Suruali zimepanuka chini, viatu vina visigino kama matofali, msichana kavaa miwani mikubwa na kuinua kidevu utadhani jiji zima ni la baba yake. Herufi hatukujua hata moja, lakini zile nguo tulizisoma mpaka mishono.

Fundi alikuwa na sharti: ukurasa haufunuliwi kabla ya mwezi wake. Ukimbembeleza anakutazama juu ya miwani na kukwambia, "Mwezi haujaandama, nenda zako." Basi siku ya mwezi kugeuka tulitoka chuoni mbio, juzuu kwapani, tukajazana mlangoni kwake. Akifunua, vigelegele! Hapo nguo zikapewa majina. Mtu anaingia na kitambaa chake anasema, "Fundi, nishonee Machi, lakini mikono iwe ya Julai." Mtaani utasikia, "Umemwona binti wa mwalimu? Kavaa Septemba nyekundu!" Mwaka ulipokwisha Fundi akairudisha kalenda mwanzo. Tarehe zikawa za uongo, nguo zikabaki za kweli. Watoto wa siku hizi mtindo unawachosha kabla haujafuliwa. Sisi Machi tuliivaa mpaka ikawa kaptura ya mdogo wetu, kisha dekio.

Mimi roho yangu ilikuwa kwa Desemba. Msichana wa Desemba kasimama pembeni ya barabara, pumzi inamtoka mdomoni kama moshi, kavaa koti refu la kijivu linalomfika chini ya magoti. Nilikuwa namwangalia mpaka Fundi ananifukuza. Na mnakumbuka ilivyokuwa: kila nyumba inanunua kitambaa kimoja cha sikukuu, ndugu wote wanatoka wamefanana kama mapazia. Mwaka ule nikakata kauli. Nikamwendea mama nikamwambia Idi hii sitaki gauni la kitambaa cha nyumba, nataka Desemba.

Mama alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Mkono ukasimama.

"Mwanangu, lile ni vazi la nchi ya baridi. Huku utaiva."

"Niive."

Nikagoma. Sikugoma kula, maana magimbi ya nazi ya mama wakati wa futari hayagomewi. Niligoma kupimwa. Kila Fundi akinyoosha futi yake, mimi naketi chini. Ndugu zangu wakapimwa wote, nguo zao zikashonwa, mimi bado. Mama hakunichapa. Aliingia chumbani akatoka na blanketi lake la kijivu, lile la harusi yake, kitu pekee kizito tulichokuwa nacho nyumbani, akaniwekea mapajani.

"Sikiliza. Fundi atalikata koti. Idi Mosi utalivaa toka asubuhi. Ukilivua kabla ya adhana ya alasiri, vipande vinaunganishwa, narudi kujifunika. Ukifika nalo, ni lako. Tumepatana?"

Nikasema tumepatana. Nilimwona akilipapasa kidogo kabla ya kumkabidhi Fundi, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye kola.

Idi ikaangukia wakati wa kaskazi, jua linachoma mpaka mchanga haukanyagiki. Nikatoka na Desemba yangu, vifungo mpaka shingoni. Lo! Uwanja mzima wa sikukuu uligeuka. Bembea ikasimama, muuza kashata akaacha kufukuza nzi. Wenzangu wakaniimbia, "Shanghai huyoo!" nami nikainua kidevu kama nilivyofundishwa na kalenda. Raha ile wallahi sijaipata tena.

Ilidumu mpaka adhuhuri. Hapo ndipo nilipojua maana ya kufa na tai shingoni. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu, blanketi likaanza kuniwasha mgongo mzima kama upupu. Watoto wananyonya barafu za ukwaju, mimi najipaka yangu shingoni. Shangazi yangu, aliyekuja kula sikukuu kutoka kisiwa cha Jibondo, akanishika mkono. "We mtoto una wazimu! Kwetu maji tunaletewa kwa mashua, wewe unayamwaga bure kwa jasho! Vua!" Nikang'ang'ania vifungo. Akamgeukia mama: "Mwambie mwanao avue, atakufa huyu!"

Mama hakusema vua, wala hakusema usivue. Alikuwa kanifuata nyuma toka asubuhi, na kipepeo cha ukili mkononi na kopo la maji, ananipepea, ananifuta uso kwa ncha ya kanga yake. Macho yakaanza kuona nyota. Akanikalisha kivulini, akaninong'oneza, "Kaza roho, jua limeshapinda." Kumbe na yeye alikuwa upande wangu, dhidi ya blanketi lake mwenyewe! Adhana ilipotoka msikitini niling'oa vifungo nikaanguka mchangani nacheka, na mama akanimwagia kopo lote kichwani, naye anacheka mpaka machozi. Shangazi akasema wazimu umo damuni.

Kisha kikaja kipupwe. Usiku mmoja niliamka nikamkuta mama kajikunja chini ya kanga mbili, magoti kidevuni. Nikachukua Desemba nikamfunika. Asubuhi nikaikuta imerudi msumarini, vifungo vimefungwa. Nikamfunika tena, ikarudi tena. Nilipomlilia alinijibu kwa ukali kidogo, "Umelishinda, ni lako. Mapatano hayarudi nyuma." Na mwaka ule wote hakujifunika kingine ila kanga zile mbili. Mpaka leo nikisikia upepo wa kusi ukipiga makuti, moyo unaniuma.

Siku hizi nina duka la nguo palepale Kilindoni, na mwaka jana, baada ya kwenda China kufuata mzigo, niliapa sirudi bila kuiona Shanghai. Nikafika Desemba yenyewe. Baridi, jamani! Meno yanagongana, nimejifunga mitandio mpaka macho ndiyo yaliyobaki. Vijana wamejaa barabarani wanapigana picha: mmoja kavaa koti la babu yake na raba za kijani, mwingine suruali yenye mifuko mpaka kwenye vifundo. Pembeni ya barabara kasimama msichana mwenye sketi fupi, miguu mitupu, midomo imekuwa ya buluu. Anatetemeka, lakini mpiga picha akiinua kamera, kidevu juu! Nyuma yake mwanamke wa makamo kashika koti refu, kalikunjua, anangoja. Hamwiti wala hamgombezi. Picha ilipokwisha tu akamvika na kumpulizia viganja. Nililia pale barabarani, mtu mzima mimi, na wapita njia wananitazama.

Nikaingia dukani nikanunua blanketi zito kuliko yote waliyokuwa nayo. Mzigo mwingine ulikuja kwa meli. Lile nililibeba mwenyewe mpaka Mafia.

Enzi zetu nguo moja iligombewa na nyumba nzima. Leo binti yangu ana sanduku limefura, anashinda kavaa sweta la kofia juani, na nikimsema ananijibu, "Mama, ndiyo fasheni." Humo mtaani wanajipiga picha kutwa, na sijaona nyuma yao mtu mwenye kipepeo. Hilo ndilo ninalolikosa.

Nilimkabidhi mama mzigo wake barazani, saa sita mchana, kaskazi tupu. Mzee sasa, macho hafifu. Akalipapasa blanketi kona hadi kona, taratibu, kisha akajifunika lote mpaka shingoni. Jasho likaanza kumtoka usoni.

"Mama, litoe, utaiva!"

"Niive. Adhana bado."

Nilichukua kipepeo, nikaketi nyuma yake, nikampepea mpaka alasiri.